Kila jumanne nasema napeleka mtoto kupima kilo, kumbe naenda kwa kine

Yaya, dada yangu mkubwa, jambo sana.

Nakuandikia usiku, mtoto amelala, bwana pia amelala, mwanga wa simu nimeuficha chini ya kitenge. Naomba usiweke jina langu wala avenue yangu, sema tu mama wa Kadutu, hapa Bukavu, wamama wa Kadutu tuko mingi hakuna atakayejua.

Niko na miaka 31 na watoto watatu, huyu wa mwisho ana miezi mitano na njo alinitesa. Uchungu ulinishika jumamosi jioni nikazaa jumatatu asubuhi, kijana wa kilo 4 na gramu 200. Mwishoni nguvu ilikuwa imeniisha kabisa, basi muuguzi mmoja akapanda kwa kitanda akawa ananisukuma tumbo kutoka juu na mikono miwili, mwingine anapiga kelele sukuma mama, sukuma, unataka kuua mtoto? Mtoto akatoka, mimi nikapasuka, wakanishona. Sitaji ni materinite gani juu mtoto niliondoka naye mzima, namshukuru Mungu.

Sasa tangu ile siku mkojo unanitoka. Hautoki kila saa. Ni nikikohoa, nikicheka, nikipiga chafya, nikinyanyua bidon. Kwetu maji hayapandi, tunashuka kuchota kwa robine ya chini halafu tunapanda zile ngazi za udongo na litri 20 mgongoni, kamba kwa paji la uso. Zamani nilikuwa napanda bila kusimama, napiga na stori. Siku hizi nasimama mara tatu, na nikifika juu kitenge cha ndani kimeshalowa, na jioni nasikia kama kitu kizito kinataka kushuka kule chini.

Na mimi niko mu korali, naimba sauti ya kwanza. Siku moja tuliimba wimbo uko na mahali pa kupanda juu sana, nikavuta pumzi nikapanda, nikasikia joto limeshuka mpaka kwa viatu. Robe yetu ni ya bluu ya mbinguni, Yaya, maji yanaonekana. Nilibaki nimesimama pale mpaka watu wote wakatoka, nikajifanya natafuta kitabu. Tangu hapo nawaambia koo inaniuma.

Nikaenda kwa docta. Aliniwekea maji ya bluu kwa mrija, akatazama, akasema sawa hakuna kitu, misuli yako ndiyo imelegea, akaniandikia kikaratasi niende kwa kine, yule wa kutibu kwa mazoezi na kukanda. Mimi najua kine ni ya watu wa ajali na wazee waliopooza upande mmoja. Nikashangaa lakini nikachukua kikaratasi.

Nyumbani nikamwambia bwana docta amesema niende kwa kine. Akauliza kine ni nani. Nikasema ni kijana mmoja wa pale hospitali. Akauliza atakukanda wapi. Mimi nikanyamaza. Akasema basi imeisha, mke wangu hakandwi na kijana. Na mama mkwe ambaye tunaishi naye akaongeza yake: "Mazoezi ya nini? Sisi tulizalaka munane, kesho yake tuko mu shamba, hakuna mutu alienda kufundishwa kukaza matako." Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, na nilivyocheka unajua kilichotokea.

Nikaenda kwa siri. Kila jumanne namfunga mtoto mgongoni nasema napeleka mtoto kupima kilo. Nimeshaenda mara nne, kila mara dola 5, naitoa kwa mtaji wangu wa sambaza, wale samaki wadogo. Huyo kijana ana heshima, hajanigusa, alinichorea picha kwa karatasi, akanifundisha kukaza na kuachilia, kupumua, namna ya kuinuka kwa kitanda. Ila jumanne iliyopita alisema siku moja itafaa apime kwa kidole kama nakaza misuli yenyewe ama nabana tu makalio, na kama sitaki tutatafuta njia nyingine. Tangu asema hivyo silali.

Halafu juzi mama mkwe akachukua fishi ya mtoto, ile karatasi ya kuandika kilo, akavaa miwani, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, sasa huyu mtoto unampimaka kila jumanne, mbona hii fishi haina alama mpya? Nikasema mashine ilikuwa imeharibika. Akanitazama tu. Yeye haongei mingi, anakaa kwa kile kiti chake cha mbao, fotei zote tuko nazo lakini hakubali kukaa kwa fotei, kanisani pia anakaa pale kwa mlango na anatoka mahubiri hayajaisha. Ni mtu mgumu. Naogopa atamwambia mtoto wake.

Na likelemba yangu, ule mchango wa kupokezana, inafika mwisho wa mwezi, dola 120. Tulipatana na bwana ni ya minerval (ada ya shule) ya mkubwa na ya kompresa, yeye ni fundi wa moto, zile pikipiki, kwa garaji pale Essence. Kine anasema tuendelee miezi mitatu. Nikitoa pesa pale atajua. Nisipotoa nitaacha, na sijaona mabadiliko ya maana, labda kidogo. Usiku akinigusa nasema nimechoka, sitaki achafuke, sasa ameanza kulala anaelekea ukuta.

Na kitu cha mwisho, naogopa watu. Hapa Bukavu mwanamke akisemwa anatoka mkojo, wanasema huyo ni wa fistule, ana tundu kule chini, walimbaka, na bwana wake ataambiwa hivyo kwa garaji. Niache kine, niseme ukweli, ama niendelee kujificha?

Mama wa Kadutu

*

Mdogo yangu wa Kadutu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti kwa simu, kwa dada mmoja kine ambaye tunafahamiana miaka mingi, niliondoa kwanza avenue na kila kitu cha kukutambulisha, usiogope. Mimi si docta na sitajifanya. Lakini mambo ya mwili yaliyo humu chini nimeyapitisha kwake kwanza.

Umeniuliza mambo matatu kwa sentensi moja, uache, useme, ama ujifiche. Mimi naona umefunga mizigo miwili kwa kamba moja. Uko na mwili uliochoka tangu ile jumatatu, na uko na uongo wa jumanne, na kwa sababu viwili hivi vinatembea pamoja unaona kama kukimaliza kimoja ni lazima ukate na kingine. Ngoja tuvifungue polepole, tuanze na mwili juu naona kuna vitu hawakukueleza.

Yale maji ya bluu. Unasema docta alitazama akasema hakuna kitu, halafu mwisho wa barua unaogopa watu watasema una fistule, na nahisi wewe mwenyewe pia usiku unajiuliza. Basi yale maji ndiyo yalikuwa ya kutafuta fistule. Wanajaza kibofu maji ya rangi, kama kuna tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi wanaona bluu inatokea mahali haitakiwi kutokea. Alitazama, haikutokea. Docta angetumia dakika mbili kukueleza hivyo ungelala miezi hii yote, lakini wao wana foleni, na sisi tunaogopa kuuliza.

Fistule inakuja uchungu ukikaa siku nyingi na mtoto amekwama, kichwa kinabana nyama kati yake na mfupa mpaka damu haipiti tena, ile nyama inakufa, inaacha tundu, na mkojo unatoka saa zote, umelala, umekaa, hata hujakohoa. Wewe unatoka ukikohoa na ukinyanyua, hiyo ni hadithi nyingine, ni misuli na mishipa inayoshikilia kibofu imevutika, na iko kwa wanawake wengi kuliko unavyofikiria, baada ya kuzaa ni kama mama mmoja kwa watatu. Pale kwenu kwa robine mkiwa kumi na wawili kwa foleni, hesabu mwenyewe.

Lakini hata ingekuwa fistule. Hospitali ya Panzi imefunguliwa 1999, daktari Mukwege alianza akiwa na wazo la wamama wajawazito waliokuwa wanakufa kwa kuzaa, vita ndiyo ilimletea wamama waliobakwa, mpaka ile Nobel ya 2018. Siku hizi ukishuka tu moto upande wa Panzi na kitenge kimelowa watu wameshaandika historia yako yote. Aliyebakwa hana aibu ya kubeba, na aliyepata tundu kwa kuzaa pia hana, mnasukumwa tu kwa kapu moja la masengenyo. Siwezi kukuahidi garaji ya Essence haitasema. Garaji inasema kila kitu.

Sasa kine. Wewe si wa kwanza kufikiri kine ni ya mifupa na wazee waliopooza, hata watu waliosoma wanafikiri hivyo. Lakini wako na kazi kubwa kwa wazazi. Mama akiwa na mimba mgongo unakatika, wanamfundisha kukaa na kulala. Akiwa na uchungu wanamuonyesha kutembea, kuchuchumaa, kuegemea, kuliko kulala chali saa 20. Akipasuliwa wanamuinua mapema atembee, damu isigande kwa mishipa ya mguu maana ile damu iliyoganda ikipanda kwa mapafu inaua, na wanamuonyesha kushika mto kwa kidonda anapokohoa. Kuna wamama wanatoka kwa uchungu mrefu mguu unaburuta juu mshipa wa neva ulibanwa, hao pia ni wa kine. Na kuna hii yako, misuli ya nyonga, ambayo imekaa kule chini kama kitambaa cha kubebea mtoto, imeshika kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya kuifanyisha mazoezi tangu 1948, kwa hiyo siyo mtindo uliokuja na Facebook. Kwa mama anayetoka mkojo akikohoa, haya mazoezi ndiyo yanawekwa mbele kabla mtu hajataja kisu. Na mama ambaye hana shida akiyaanza mimba ikiwa bado changa, hatari ya kutokwa na mkojo mwisho wa mimba inashuka zaidi ya nusu. Mngefundishwa haya kwa CPN, ile kliniki ya wajawazito, kati ya kupima presha na kuchomwa sindano, labda nisingekuwa na barua yako mkononi.

Na yule aliyekusukuma tumbo. Umeandika kwa kumhurumia, nimeona, mtoto alitoka mzima na wewe ni mtu wa shukrani. Shirika la Afya Duniani halishauri kusukuma tumbo la mama namna hiyo ili mtoto atoke. Siwezi kusema ndiyo iliyokupasua, mtoto wa kilo 4 na zaidi peke yake anatosha kupasua. Nakuambia tu ili ukirudi materinite siku nyingine ujue unaweza kusema usinisukume, na ili uache kudhani ni wewe ulishindwa kusukuma.

Unasema jumanne nne na hujaona mabadiliko ya maana, labda kidogo. Mimi hiyo "labda kidogo" ningeishika. Msuli ni msuli, bwana wako akianza leo kubeba mota hatanenepa mikono wiki ijayo. Miezi mitatu aliyokuambia kijana siyo hila ya kula dola zako, ndiyo muda wa kawaida kabla ya kusema imesaidia ama haikusaidia, na mazoezi yenyewe ni ya kila siku nyumbani, kukaza mara nane hivi, mara tatu kwa siku. Jumanne ni ya kusahihishwa tu. Hapa ndipo ile habari ya kidole ina maana yake, wanawake wengi wakiambiwa kaza wanabana matako na tumbo na wanazuia pumzi, wengine badala ya kuvuta juu wanasukuma chini, na hapo mtu anaweza kufanya miezi mitatu bure. Lakini ni mwili wako. Anaweza kupima ukikubali tu, unaweza kutaka mama mwingine awe ndani ya chumba, unaweza kuuliza kama kuna kine mwanamke hospitali hiyo ama nyingine, unaweza kusema hapana na akaendelea kukufundisha na nguo zako. Kijana mwenyewe amekuambia kuna njia nyingine kabla hujauliza, mimi nimependa hilo.

Wakati unafikiri, vitu viwili vya nyumbani vya dada kine. Jifikirie unazuia upepo usitoke mbele za watu, ule mvuto wa kwenda juu ndani, ndio huo, bila kuzuia pumzi, halafu uachilie kabisa, kuachilia ni nusu ya kazi. Usifanye zoezi la kukata mkojo katikati kila siku, hilo linasumbua kibofu. Na kabla ya kukohoa, kabla ya kunyanyua bidon, kaza kwanza, halafu nyanyua ukitoa pumzi. Bidon ya litri 20 ni kilo 20, na wewe una miezi mitano tu tangu uzae. Mbili za litri 10 kwa safari mbili, najua ni foleni mbili, najua na mtoto mgongoni, lakini ama huyo mkubwa wako ama baba yake mwenye mikono ya kufungua mota hawezi kushuka ngazi hata asubuhi? Nauliza tu.

Ule uzito wa jioni usiukalie kimya. Inaweza kuwa kizazi kimeshuka kidogo, mazoezi yanasaidia kikiwa kidogo, kuna hata pete ya mpira wanayoweka ndani ya kukishikilia, lakini docta lazima atazame, kine peke yake hatoshi. Ukiona kitu kinachomoza kwa nje, ama mkojo unakataa kutoka, ama haja kubwa inakuponyoka, ama homa na maji yenye harufu, ama damu, ama mguu mmoja umevimba na kuuma, ama pumzi inakatika, hiyo siku haina siri wala jumanne, ni kukimbia hospitali.

Haya. Bwana yako.

Nimerudia kile kipande mara nyingi. Aliuliza maswali, kine ni nani, ukajibu, akauliza atakukanda wapi, ukanyamaza. Mdogo yangu, mwanaume aliyeuliza swali kama lile akajibiwa kimya, alichokataa ni ile picha aliyojichorea mwenyewe kichwani. Unaandika kana kwamba amekataa upone. Lakini kwa barua yote sijaona mahali ulimwambia mkojo unakutoka. Umemwambia kikaratasi, hujamwambia ngazi, hujamwambia robe ya bluu. Na sasa anaelekea ukuta, na yeye pia labda ana barua yake kichwani anayomwandikia mtu, eti mke wangu tangu azae hanitaki, na kila jumanne anavaa vizuri anatoka. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndiye unalala naye. Kuna kitu kimoja tu nataka ujiulize kwa ukweli kabla ya yote, ukimwambia, hasira yake ni ya kelele ama ni ya mikono? Kama ni ya mikono, basi usianze peke yako usiku chumbani, tafuta kwanza mtu ambaye anamsikiliza.

Kuendelea kwa siri kuna faida, mwili wako unaendelea na kazi yake, na sitakudanganya kwamba wanawake hawajapona kwa siri, nusu ya afya ya mji huu imepitia kwa siri. Lakini siri yako imeanza kupasuka, ina fishi isiyo na alama na bibi mwenye miwani. Ikitokea apate habari nje kwamba mke wake anaingia kwa kijana kila jumanne, hapo hutakuwa unaeleza mkojo, utakuwa unaeleza kijana.

Kusema kuna bei yake pia. Anaweza kukataa mara ya pili, na kukataa baada ya kuambiwa ukweli kunauma kuliko kule kwa kwanza. Anaweza kukubali halafu akataka kuja kukaa ndani ya chumba akikukodolea macho, na hujui kama unaweza kukaza misuli mbele yake na mbele ya kijana. Wengine wamefanya nusu, wamemwambia bwana habari ya mkojo tu kwanza, bila kine, bila pesa, wakamwacha aihangaikie siku mbili tatu, halafu yeye mwenyewe akauliza sasa dawa yake ni nini. Wengine walimpa ile picha ya karatasi. Unayo bado? Fundi wa moto ukimchorea kitu kinachoshikilia kitu kingine, na bulonge (bolti) zimelegea, anaelewa haraka kuliko sisi.

Na kuna njia ya kuacha kwenda ukafanya nyumbani peke yako. Dola 5 zinabaki kwa sambaza, hakuna uongo. Hatari yake ni ile niliyosema, kukaza vibaya, na kuchoka baada ya wiki mbili maana hakuna anayekuuliza. Ama kumuomba kijana akuone mara moja kwa wiki tatu badala ya kila wiki, wengi wanakubali ukiwaambia wazi kwamba pesa haipo. Hesabu yako ya likelemba umeiweka kama ni dola 120 zote ama sifuri, lakini jumanne nane zilizobaki kwa ile miezi mitatu ni dola 40, na ukizipunguza ni 15 hivi. Minerval inabaki. Kompresa ndiyo itachelewa kidogo, na hapo sijui, kompresa ni chakula cha nyumba pia, siwezi kuidharau nikiwa nimekaa kwangu. Ila ile pesa ni ya mikono yako na sambaza zako, kupatana na bwana mkapatane tena, siyo kuiba.

Sasa nimeacha mama mkwe kwa mwisho makusudi.

Sitaki kumsingizia mama wa watu. Lakini soma tena ulichoandika mwenyewe. Amezaa wanane, kesho yake shambani. Fotei ziko na hakai kwa fotei, anakaa kwa kiti cha mbao, kinachopanguswa kwa kitambaa kikakauka. Kanisani anakaa kwa mlango na anatoka mahubiri hayajaisha. Umemuita mtu mgumu. Nilipomsomea dada kine hapo alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza, huyo mama ana vitenge vingapi kiunoni? Sikuwa na jibu.

Inaweza kuwa ni mgongo tu, ama hapendi mahubiri, wako wengi. Lakini alikutazama akakutazama tu, na mpaka unaandika hajamwambia mtoto wake, na mtu anayetaka kukuchoma hangoji hivyo. Kama iko kama ninavyohisi, ameibeba miaka 30 ama 40, na kile kicheko cha kukaza matako kilikuwa cha mtu aliyeambiwa leo kwamba kitu chake kilikuwa na dawa. Hiyo inaweza kumfanya awe mtu wako, ama ikamfanya akuchukie zaidi, vyote viwili nimeviona. Ukitaka kujaribu, usimuulize habari zake, mama wa umri ule hatajibu. Siku mko wawili mnachambua sombe, mwambie zako tu. Mwambie ya robe. Halafu endelea kuchambua.

Kuhusu umri, dada kine anasema misuli ya mama wa miaka 65 pia inafundishika, polepole lakini inafundishika.

Korali waambie koo bado, usiwarudishie uongo mwingine mkubwa, ama rudi uimbe sauti ya pili kwa muda, ya chini haisukumi hivyo. Na ile kufunga tumbo na kitenge, kama unaifanya, mwonyeshe kine unaikaza namna gani, maana ikibana sana ule uzito unakwenda chini.

Utaamua wewe, na ukiamua kitu ambacho mimi nisingekifanya bado ni nyumba yako na siyo yangu. Niandikie tena baada ya jumanne chache, kama uliweza kwenda ama hukwenda. Niambie fishi ilikwisha vipi. Na niambie ngazi, siku hizi unasimama mara ngapi.

Yaya wako